Mtoto, Retinoidi na Hesabu ya Miaka Mingi

Ukitaja isotretinoini hapa chuoni, wengi wanafikiria chunusi. Wapo wanaosubiri bumu litoke wakainunue, wapo wanaogawana pakiti moja watu wawili kama wanavyogawana chipsi mayai (hilo nitalirudia baadaye, maana ni hatari kuliko mnavyodhani). Sawa, ni dawa ya chunusi sugu, na Marekani waliiruhusu kwa kazi hiyo mwaka 1982. Ila miaka sita kabla ya hapo, mwaka 1976, madaktari wawili, Gary Peck na Frank Yoder, walikuwa wameshaandika kuhusu dawa hiyohiyo kwenye jarida la The Lancet, na wagonjwa waliowazungumzia hawakuwa na chunusi. Walikuwa na ngozi ya magamba na magonjwa mengine ya ngozi kuwa ngumu kupita kiasi. Chunusi ilikuja baadaye.

Mimi nasoma famasia, mwaka wa nne. Kwenye vitabu vyetu retinoidi za kumeza zinapewa nusu ukurasa: chunusi, soriasisi, usimpe mjamzito, basi. Watoto wanatajwa kwa mstari mmoja. Muhula huu kikundi chetu cha semina kilipewa mstari huo tukaufanyie kazi, na kwa kweli umenikosesha usingizi kidogo. Kumpa mtu mzima dawa kali kwa miezi sita ni jambo moja. Kumpa mtoto wa miaka minne dawa ambayo huenda akaimeza mpaka awe mtu mzima ni jambo jingine, hata kama kidonge ni kilekile.

Tuanze na ugonjwa. Ikthiosi ni jina la kundi la magonjwa, limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya samaki. Ile nyepesi wengi tumeishi nayo jirani bila kuijua: miguu mikavu yenye vigamba wakati wa kipupwe, mtu anapaka mafuta ya mgando, maisha yanaendelea. Naongelea zile kali. Kwenye ikthiosi ya lamela, mtoto mara nyingi huzaliwa amefunikwa na utando unaong'aa kama nailoni. Utando ukishabanduka, inabaki ngozi yenye magamba mapana mwili mzima. Mara nyingi chanzo ni hitilafu kwenye jeni iitwayo TGM1, ambayo hutengeneza kimeng'enya cha kuunganisha tabaka la nje la ngozi. Mtoto anarithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama, na wazazi wenyewe unakuta ngozi zao hazina doa. Hakuna aliyelogwa, wala mama hakula samaki gani sijui akiwa mjamzito.

Na shida haiishii kwenye sura. Magamba yanaziba vitundu vya jasho, kwa hiyo mtoto hawezi kujipoza. Fikiria Dar es Salaam mwezi wa pili, darasa la bati, mtoto asiyetoka jasho: anaweza kuzidiwa na joto hadi akaanguka. Magamba yanajaa masikioni, anaanza kusikia kwa shida, mwalimu anamwona mzito wa kuelewa. Ngozi ya uso inavuta kope za chini kwenda nje, macho hayafungi vizuri usiku, yanakauka na kupata vidonda. Viganja vinapasuka, kalamu inauma. Ukiyaona hayo utaelewa kwa nini mzazi anayesikia kuna kidonge hasubiri umalize sentensi.

Kabla ya kidonge kuna kupaka. Kuoga kwa muda mrefu, kusugua magamba taratibu yakiwa yamelowa, halafu mafuta, na tena mafuta. Mafuta ya mgando yanafanya kazi kubwa, na urea ndani ya krimu inasaidia kwa watoto waliokua kidogo. Asidi ya salisiliki ndiyo ya kuiogopa: kwa mtu mzima mwenye kisigino kigumu haina neno, ila ukiipaka mwili mzima wa mtoto mdogo inapenya hadi kwenye damu na kumdhuru kama aliyemeza aspirini nyingi. Nimelitaja hili kwa sababu dawa za kupaka tunazichukulia poa. Watoto wengi wenye ikthiosi wanamudu kwa kupaka tu. Retinoidi ni kwa wale ambao kupaka kumegonga ukuta.

Retinoidi ni ndugu wa vitamini A. Zinaingia ndani ya seli, zinajishikiza kwenye vipokezi vilivyomo katika kiini, na kubadilisha ni jeni zipi zisomwe. Vipokezi hivyo vilitambuliwa mwaka 1987 na maabara mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, ya Pierre Chambon huko Ufaransa na ya Ronald Evans huko Marekani. Matokeo kwenye ngozi ni kwamba tabaka gumu linapungua na magamba yanaachia. Watu waliiona nguvu hii zamani kabla hawajaielewa. Mwaka 1597 mabaharia Waholanzi wa msafara wa Willem Barents, waliokwama kwenye barafu ya kaskazini, walikula ini la dubu. Watatu waliugua vibaya na ngozi ikawabanduka kuanzia kichwani hadi miguuni. Ini la dubu wa barafu limejaa vitamini A kupita kiasi. Kazi ya kemia ya karne ya 20, hasa ile iliyofanywa na Werner Bollag kwenye kampuni ya Roche mjini Basel, ilikuwa kutafuta molekuli zinazobandua magamba bila kumwangamiza mwenye ngozi. Walifaulu nusu. Hiyo nusu iliyobaki ndiyo makala hii.

Faida yake ni kubwa, tusidanganyane. Aina mbaya kuliko zote ni ikthiosi ya harlekwini, ambapo mtoto anazaliwa amefungwa ndani ya magamba mazito yaliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Zamani karibu wote walikufa ndani ya siku chache. Mwaka 2011 ulichapishwa uchambuzi wa watoto 45 wa aina hiyo, na 25 kati yao walikuwa wamepona kifo. Kati ya waliopewa retinoidi mapema, asilimia 83 waliishi; kati ya wasiopewa, asilimia 76 walikufa.

Hapo kwenye semina mwenzetu mmoja akapiga meza: "Kesi imefungwa!" Haijafungwa. Ili mtoto apewe dawa lazima kwanza aishi muda wa kutosha dawa iagizwe, ifike, apewe. Aliyekufa siku ya kwanza anahesabiwa upande wa wasiopewa, hata kama hakuna dawa ya aina yoyote ingemwokoa. Ndiyo maana watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari kwamba dawa huenda inasaidia. Pamoja na hayo, ningekuwa mimi ndiye famasia wa zamu ningekimbilia kabatini bila kusita. Mtu anaweza kuwa na mashaka na takwimu na bado akatoa dawa.

Mfano mwingine unaonesha tabia ya dawa hizi vizuri zaidi. Kuna ugonjwa wa kurithi uitwao zeroderma pigmentosa, ambao seli zake hazina uwezo wa kurekebisha madhara ya jua, kwa hiyo saratani za ngozi zinaota utotoni. Mwaka 1988 Kenneth Kraemer na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa watano waliotumia isotretinoini kwa miaka miwili, kwa kipimo kikubwa. Miaka miwili kabla ya dawa walikuwa wameondolewa uvimbe 121 kwa jumla. Katika miaka miwili ya dawa, 25. Halafu dawa ikasimamishwa kwa sababu ya madhara, na uvimbe ukarudi kwa kasi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo zima: dawa hairekebishi jeni. Inafanya kazi ukiwa unaimeza. Kwenye ikthiosi ni hivyohivyo, ukiacha, magamba yanarudi baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo unapomwanzishia mtoto unaanza kitu ambacho hakina tarehe ya kumaliza, na swali la kipimo, la mifupa, la ini, la uzazi, yote inabidi uyaulize tena kila mwaka kwa mtu ambaye kila mwaka ni mtu mwingine.

Chukua kipimo. Kwa watoto siku hizi dawa inayotumika zaidi ni asitretini, kwa kawaida nusu miligramu hadi miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, wengi wakianzia chini zaidi. Mtoto wa kilo 20 kwa nusu miligramu ni miligramu 10, yaani kapsuli moja ndogo, hesabu safi. Sasa mwenye kilo 14? Ni miligramu 7. Kapsuli ya miligramu 7 haipo. Kuifungua na kugawa unga nyumbani ni wazo baya: dawa inaharibiwa na mwanga na hewa, na mama anayegawa unga huo anaweza kuwa mjamzito. Kinachofanyika mara nyingi ni kutoa kapsuli baadhi ya siku na kuruka nyingine, ili wastani wa wiki uwe sahihi. Wiki ya mtoto huyu ina miligramu 49, kwa hiyo kapsuli tano za 10. Halafu mtoto anaongezeka uzito, na unaanza upya. Imezwe na chakula chenye mafuta, vinginevyo nyingi itapita tu: maziwa, parachichi, uji wa karanga, chochote kilichopo nyumbani.

Maudhi ya kila siku yanajulikana. Midomo inakauka na kupasuka, karibu kwa kila mtumiaji, kiasi kwamba midomo isipokauka unajiuliza kama dawa inamezwa kweli. Pua inatoka damu, macho yanakauka, nywele zinaweza kupungua, jua linachoma haraka. Kwenye damu, mafuta yanaweza kupanda na ini likalalamika, ndiyo maana damu inapimwa kabla ya kuanza na mara kwa mara baadaye. Mengi ya haya yanashuka ukipunguza kipimo. Wapo pia watoto ambao dawa inawazidishia tabu: wale wenye ngozi inayotoka malengelenge wanaweza kuvimbishwa zaidi, na wenye ugonjwa wa Netherton huweza kuharibikiwa. Kwa hiyo kujua ni ikthiosi ya aina gani si mapambo ya kitaaluma.

Mifupa haishuki ukipunguza kipimo. Mwaka 1982 iliripotiwa habari ya mtoto aliyetumia isotretinoini kwa miaka, ambaye sehemu laini karibu na ncha za mifupa, pale urefu unapoongezeka, zilifunga kabla ya wakati. Zikishafunga hakuna wa kuzifungua. Mwaka uliofuata Yoder, yuleyule wa 1976, akiwa na R. A. Pittsley, walieleza vijiba vya mfupa vilivyoota kwenye uti wa mgongo wa wagonjwa wa ikthiosi waliotumia dawa muda mrefu. Napenda sana hilo, kwamba mtu aliyeshiriki kuileta habari njema ndiye aliyerudi na habari mbaya. Vipimo vya wakati ule vilikuwa vikubwa, miligramu 2 kwa kilo na zaidi, na kwa vipimo vya leo matukio hayo yanaonekana kuwa machache. Machache hata hivyo si sawa na hakuna.

Namna ya kulinda mifupa wataalamu wanabishania. Wengine wanapiga picha ya eksirei kabla ya kuanza na kurudia kila mwaka, wengine wanasema mionzi ya kila mwaka kwa mtoto asiyelalamika haina maana, piga akianza kuumwa. Msimamo wangu: picha ya mwanzo ipigwe, kwa sababu bila hiyo picha ya mwaka wa tano haina cha kulinganishwa nacho. Baada ya hapo kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni urefu. Ukuta, futi kamba, kadi yenye mchoro wa ukuaji, kila miezi mitatu au sita. Mtoto aliyekuwa anapanda vizuri halafu mstari ukalala, huyo ndiye wa kupelekwa eksirei haraka. Zahanati isiyo na mashine yoyote inaweza kufanya hivyo.

Sasa nifike kwa wasichana, ambako semina yetu iligeuka ugomvi.

Retinoidi zinaharibu mimba changa vibaya sana. Edward Lammer na wenzake mwaka 1985 walikusanya taarifa za mimba 154 zilizokutana na isotretinoini. Tisini na tano zilitolewa kwa hiari. Katika 59 zilizobaki, 12 ziliharibika zenyewe na watoto 21 walizaliwa na kasoro kubwa, za masikio, uso, moyo na ubongo. Isotretinoini angalau inatoka mwilini haraka. Baada ya kuacha, mwanamke anasubiri mwezi mmoja. Asitretini yenyewe nayo inatoka kwa siku na wiki, ila ina ndugu aliyeitangulia, etretinati, dawa inayojificha kwenye mafuta ya mwili na kukaa humo hata miaka. Iliondolewa sokoni sehemu nyingi kwa sababu hiyo. Na mwili unaweza kuigeuza asitretini kuwa etretinati ukipewa pombe. Glasi moja ya sherehe, au dawa ya kikohozi yenye kileo, inatosha kuanzisha mchezo. Ndiyo maana aliyetumia asitretini anaambiwa asishike mimba kwa miaka mitatu kamili baada ya kidonge cha mwisho.

Weka hiyo miaka mitatu juu ya maisha ya msichana aliyeanza dawa akiwa na miaka mitano. Hakuna aliyemuuliza, na asingeelewa. Mama alisaini. Mwenzangu wa chumbani anasoma sheria, nilimleta semina makusudi, akatukumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtoto mpaka miaka 18, na inampa haki ya kusema maoni yake kadiri anavyoweza kuwa nayo. "Sasa niambieni," akasema, "hayo maoni mnamuuliza lini? Siku anavunja ungo?" Kimya. Mmoja wetu akasema suala hilo ni la mzazi, mila zetu zinajulikana, hujadili uzazi na mtoto wa darasa la tano. Mwingine akamjibu kwamba shangazi na nyanya wamekuwa wakizungumza na wasichana tangu enzi na enzi, tatizo ni kwamba shangazi hajui kuhusu asitretini.

Mimi nilikuwa upande wa huyu wa pili, na bado nipo. Nadhani mazungumzo yanatakiwa kutangulia balehe, miaka minane au tisa, kwa lugha ya mtoto: dawa hii inasaidia ngozi yako, haipatani na mimba, na ukikua tutaamua pamoja nawe. Shangazi aitwe kliniki, aelezwe na yeye. Na kadiri balehe inavyokaribia, daktari na familia wafikirie kama msichana huyo ahamishiwe isotretinoini, ambayo mwezi mmoja unatosha kuisahau, au apumzishwe kabisa arudi kwenye kupaka. Kubadilisha akiwa na miaka kumi kunampa nafasi. Ukingoja mpaka 17, asitretini inamfuata hadi chuo kikuu, hadi kwenye ndoa, na yeye huenda anadhani alikuwa anameza vitamini tu.

Kuhusu vitamini, kuna jambo la hapa kwetu ambalo vitabu vya nje haviliwazi. Kila Juni na Desemba watoto wa Tanzania wa miezi 6 hadi 59 wanapewa matone ya vitamini A: yuniti 100,000 kwa walio chini ya mwaka mmoja, 200,000 kwa waliozidi. Ni mpango mzuri, umeokoa macho na maisha. Ila mtoto aliye kwenye retinoidi tayari amebeba mzigo wa familia hiyohiyo ya dawa, na kuongezewa vitamini A juu yake ni kumsukuma kwenye sumu. Mhudumu wa kampeni mwenye foleni ya watoto mia mbili hawezi kujua. Kwa hiyo kadi ya kliniki ya mtoto huyo iandikwe kwa wino mwekundu, ukurasa wa mbele, na mama afundishwe kusema. Hali kadhalika vidonge vya mafuta ya ini la samaki vinavyouzwa madukani, na sahani ya maini kila siku.

Na lile la kugawana pakiti. Timu ya damu salama inapokuja hapa chuoni tunajipanga kwa fahari, na ni vizuri. Aliyemeza isotretinoini asitoe damu mpaka mwezi upite baada ya kidonge cha mwisho. Wa asitretini, miaka mitatu. Mfuko wa damu haujui kama atakayeongezewa ni mjamzito. Anayemeza nusu ya pakiti ya mwenzake hana daktari wa kumwambia hilo, na kwenye fomu hataandika kitu.

Mwisho wa semina mwenzangu wa sheria alitaka tumwoneshe kwa karatasi hesabu ya msichana mmoja wa kufikirika. Alianza asitretini mwaka 2012 akiwa na miaka minne. Hakubadilishiwa. Kapsuli ya mwisho aliimeza Juni 2026, mwaka anaotimiza 18, mwezi anaosubiri matokeo ya kidato cha sita. Tukaandika tarehe ya kuweka kwenye kadi yake: Juni 2029. Akaitazama, akauliza kama kadi ya kliniki ya watoto huwa inamfuata mtu mpaka wodi ya wakubwa. Jibu tulilompa ni kwamba inategemea nani ameikabidhi, na kwa nani.